Akimbie au Aandike?

Ugomvi ulianzia kwenye viatu. Viatu vya mbio vya rangi ya chungwa vilikuwa vimeanikwa juu ya ukuta wa nyumba moja ya kupanga Tengeru, mashariki ya jiji la Arusha, na Dokta aliyekuja kumtafuta mwanafunzi wake alikutana navyo kabla ya kukutana na mtu. Akauliza mwenyewe yuko wapi. Akajibiwa, "Yuko mlimani tangu juzi." Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, na sura ya tatu ya tasnifu ilikuwa imechelewa kwa wiki tano.

Jumamosi jioni, soko lilipokwisha kufungwa, tulikaa kwenye baraza la nyumba hiyo hiyo: chai ya tangawizi, sahani ya ndizi za kuchoma, na mlima Meru umejifunika wingu kama kawaida yake. Wanne walisema, mimi niliandika. Majina nimeyaacha, nimebakiza vyeo wanavyoitana. Dokta ni msimamizi wa utafiti. Uzamivu wake aliufanyia Delft, Uholanzi, nchi isiyo na kilima cha kumpotezea mtu wakati. Kocha ni mkimbiaji mstaafu, mtu wa Mbulu, anafundisha vijana upande wa Sakina na Ngaramtoni. Mama ndiye mwenye nyumba. Ana meza ya ndizi na parachichi sokoni. Mtafiti ni binti wa Mombasa, yuko mwaka wa tatu wa uzamivu hapo Tengeru, kwenye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Taasisi hiyo ilipofungua milango mwaka 2011 ilipokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu tu, na ikawavuta watu kutoka nchi jirani. Ndiyo maana neno "ugenini" katika mjadala huu halina theluji wala ndege ya saa kumi. Ni ugeni wa basi moja: Arusha, Moshi, mpaka wa Holili, Taveta, Voi, Mombasa.

Hoja ikasomwa: mwanafunzi wa uzamivu aliye ugenini aache mbio za masafa marefu mpaka awasilishe tasnifu.

DOKTA: Nitaanza na hesabu kwa sababu hesabu haina hasira. Maandalizi ya marathoni ni wiki kumi na sita. Huyu binti hukimbia kama kilomita sabini kwa wiki, na kwa mwendo wake hizo ni saa saba na nusu. Weka kuoga, weka kula mara mbili, weka ule usingizi wa Jumapili mchana ambao hata bomu haliuvunji. Tusipunjane, tuseme saa kumi na nne kwa wiki. Zidisha mara kumi na sita: saa mia mbili ishirini na nne. Kwa saa hizo mtu huandika sura nzima, akaihariri, akabaki na muda wa kwenda harusini. Na yeye si mwenyeji. Ana kibali cha ukaazi cha daraja C, ana kibali cha utafiti cha COSTECH, na vyote viwili vina tarehe ya mwisho. Ufadhili nao una tarehe. Mlima hauna tarehe. Meru itakuwepo.

MTAFITI: Shikamoo kwanza, Dokta. Naitoa mapema maana tukishaanza kuvutana nitaisahau.

DOKTA: Marahaba.

MTAFITI: Hizo saa mia mbili ungenipa mkononi, mie nisingeandika. Mwaka wa kwanza nilikuwa nazo zote. Sikuwa nakimbia, sikuwa napanda, nilikuwa natoka chumbani naingia maabara, natoka maabara naingia chumbani. Nililala saa tano, nikaamka saa tisa, nikakodolea macho dari. Niliandika kurasa nane kwa miezi sita, na wewe mwenyewe ulizifuta tano. Isitoshe, watu hapa walikuwa wanajua nimetoka Kenya, basi kila mtu: "Mkenya, mbona hukimbii?" Nikawaambia kwetu Kisauni mtu akionekana anakimbia huulizwa kaiba nini. Mbio nilizikuta hapa. Nilianza kwa kuzunguka Ziwa Duluti, nikirudi nasinzia kama mtoto.

KOCHA: Mimi naiunga mkono hoja.

(Hapo Mama aliacha kumimina chai. Sote tulidhani mtu wa riadha atasimama upande wa miguu.)

KOCHA: Naiunga mkono, lakini sababu zangu si za Dokta. Nyinyi wasomi mnazungumza kuhusu mbio kama mtu anavyozungumza kuhusu chumvi: weka kidogo, ladha ikae sawa. Kwa vijana wangu mbio ni jembe. Kijana anatoka Mbulu au Singida, analala watatu chumba kimoja, anaamka saa kumi na moja, anakimbia, anarudi kupika uji, jioni anakimbia tena. Akikosa shindano la maana mwaka huu, mwakani anarudi kulima. Mnaona Alphonce Simbu alivyokuwa bingwa wa dunia kule Tokyo, Septemba 2025? Saa 2, dakika 9, sekunde 48, na Mjerumani aliyemfuata aliandikiwa muda ule ule. Wametenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Tanzania haikuwahi kupata dhahabu kwenye mashindano hayo. Mtu anayeshinda namna ile hana sura ya tatu inayomsubiri nyumbani. Binti, kama unakimbia, kimbia. Kama unasoma, soma. Usiidharau kazi ya watu kwa kuifanya Jumapili.

MTAFITI: Mbona Nyambui alifanya yote mawili?

Swali hili lilimgusa Kocha mahali. Inafaa nilieleze kwa msomaji aliyezaliwa juzi, maana ni sehemu ya historia yetu tunayoipita haraka. Miaka ya sabini mwishoni na themanini mwanzoni, Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, mji wa jangwani uliopakana na Mexico, kilikuwa na Watanzania wanaokimbia. Suleiman Nyambui wa Majita, Musoma, alikuwa bingwa wa vyuo vya Marekani wa mita 10,000 miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati ya ubingwa huo akaenda Moscow mwaka 1980 akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Baadaye akashinda marathoni ya Berlin mara mbili, 1987 na 1988. Gidamis Shahanga naye alipita chuo hicho hicho. Alikuwa ameshatwaa dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, na mwaka 1982 akaongeza ya mita 10,000 kule Brisbane. Walikuwa wanafunzi ugenini, walikuwa wanamichezo, na hakuna aliyewaitia kikao cha baraza.

KOCHA: Nyambui unamtaja vizuri, lakini unamshika kwa mkia. Yule miguu ilikuwa nauli yake. Chuo kilimlipia masomo ili akikimbilie. Siku angesema "leo nina mtihani, sikimbii," kitanda chake kingepata mtu mwingine. Wewe umegeuza shati nje ndani. Shule ndiyo iliyokulipia nauli, na mbio umezikuta njiani. Kwake yeye kukimbia ilikuwa mkataba. Kwako ni nini?

MTAFITI: Kwangu ni kupumua.

KOCHA: Kila mtu anapumua. Halipwi mtu.

DOKTA: Na hata wale waliolipwa, wengine waliumia. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, na mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Siku themanini na moja! Kisha pombe ikamchukua, akaishia kulala bila paa huko huko Marekani, na mwenyewe aliyaandika hayo bila kuficha. Mwili una mfuko mmoja. Ukiukopea huku, unadaiwa kule.

KOCHA: Usizisingizie mbio, Dokta. Rono aliliwa na mambo mengi. Olimpiki ya 1976 nchi yake iligoma, ya 1980 ikagoma tena, basi miaka yake mizuri ikapita hajawahi kusimama kwenye mstari wa Olimpiki. Mpe mtu maumivu hayo na chupa, usitafute tena mchawi.

Niliona mjadala unataka kuwa wa wanaume wawili kuhusu mwanamume wa tatu. Mama aliona kabla yangu.

MAMA: Mimi sikusoma, kwa hiyo nitasema niliyoyaona kwenye nyumba yangu. Kabla ya huyu nilikuwa na mpangaji mwingine, kijana, mgeni kama huyu, mpole, anasalimia vizuri, kodi analipa kabla sijauliza. Huyo hakukimbia. Hakwenda popote. Taa yake ilikuwa inawaka mpaka jogoo. Mimi nikawa najisifu sokoni kwamba nina mwanafunzi wa kweli. Siku moja usiku wa manane nasikia geti. Natoka, namkuta amekaa hapo kwenye ngazi, hapo ulipoweka mguu wako Dokta. Namuuliza, "Mwanangu, unaumwa?" Anasema, "Hapana mama, nimesahau tu nilikuwa natoka kwenda wapi." Alikaa mpaka kukapambazuka. Mwezi uliofuata alisema anakwenda kwao kusalimia. Mpaka leo. Vitabu vyake viko stoo, maboksi mawili. Watu wa maandazi wameshaniomba makaratasi, nimewanyima.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko ninavyoweza kukiandika.

MAMA: Huyu anakimbia, anarudi ananuka jasho, anakula sahani mbili za makande, analala. Nikimwita anaitika. Sasa nyinyi mnataka niwe na taa inayowaka au mtu anayeitika? Ila na yeye nina kesi naye. Anatoka saa kumi na moja alfajiri, bado giza, mtoto wa kike peke yake kwenye njia za migomba. Nimemwambia apite barabara ya lami, hataki, anasema lami inaumiza magoti. Magoti! Na akirudi anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Jagi zima, anajaza tena.

MTAFITI: Kunywa tu, Mama?

MAMA: Kunywa tu. Maji yenyewe unayajua ya huku. Mimi nimezaliwa Maji ya Chai, haya meno yangu hayakupakwa rangi.

Alicheka akiyaonyesha: ya kahawia, yenye mistari, meno ambayo mtu wa Arumeru huyatambua hata akiyaona Dar es Salaam. Na hapo mjadala uliacha barabara uliyokuwa ukipita. Utafiti wa huyu binti ni floraidi kwenye maji ya miteremko ya Meru.

Jambo lenyewe halina fumbo. Meru ni volkano. Mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana floraidi nyingi, na maji yanayopita ndani yake huichukua. Chemchemi moja inaweza kuwa salama, na nyingine, mwendo wa dakika chache kwa miguu, ikawa na kiasi mara nyingi zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa shida ya maji, iliwahi kuruhusu 8 vijijini, baadaye ikashusha hadi 4, sasa nayo inasema 1.5. Kile kikomo cha 8 kilikuwa kukiri umaskini tu: ukiwakataza watu maji hayo, mbadala ulikuwa kutokuwa na maji. Mtoto anayekulia kwenye maji hayo huharibika meno. Kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika, na wapo watoto wa Arumeru waliopinda miguu. Kuchemsha hakusaidii. Maji huondoka na mvuke, floraidi hubaki sufuriani. Kinachosaidia ni kama kile kinachofanywa Ngurdoto, kwenye kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi: mifupa ya ng'ombe huchomwa ikawa mkaa, kisha maji yakachujwa humo.

MTAFITI: Mnaona hilo jagi la Mama? Mie hilo ndilo lililonipa sura ya nne. Kikomo cha 1.5 kimewekwa kwa mtu wa kawaida, na mtu wa kawaida kwenye hesabu hizo hunywa kama lita mbili kwa siku. Mbili mara moja na nusu, tatu. Miligramu tatu, salama. Sasa mchukue mkimbiaji. Siku ya mbio ndefu, jua la Arusha, mie nakunywa lita tano. Tano mara moja na nusu ni saba na nusu. Na Shirika la Afya lenyewe linasema ukipita miligramu 6 kwa siku kwa jumla, shaka ya madhara ya mifupa inaanza. Ukifika 14, ushahidi uko wazi. Maji yangu ni halali kisheria, na mie nimeshavuka mstari wa shaka. Hapo sijahesabu chai, ambayo ina floraidi yake. Sijahesabu magadi ya Mama kwenye makande.

MAMA: Magadi yangu yamefanya nini tena?

MTAFITI: Mama, tutaongea jikoni.

DOKTA: Subiri. Usinichanganyie ushahidi na jasho lako. Wewe ni mtu mmoja. Ng'ombe mmoja si zizi. Hunywi lita tano kila siku. Unakunywa lita tano Jumapili, na athari za mifupa hupimwa kwa miaka. Ukiliandika hilo kama lilivyo, mtahini wa nje atakula sura yako kama ndizi hizi.

MTAFITI: Sikusema niandike mwili wangu. Nasema kwamba swali sikulipata kwenye makala. Nilisoma makala mia mbili, nikajua kikomo kwa moyo, sikuwahi kujiuliza kikomo hicho ni cha nani. Wachimba mitaro, wabeba matofali, wanawake wanaolima mahindi kutwa kwenye jua: hao hawanywi lita mbili. Shirika la Afya linazishauri nchi zitazame watu wao wanakunywa kiasi gani kabla ya kuweka kikomo. Nani hapa ametazama? Niliyaona hayo siku nilipokaa kwenye ngazi hiyo na jagi la tatu.

KOCHA: Na vijana wangu?

MTAFITI: Wanakunywa wapi, Kocha?

KOCHA: Bomba likitoka, bombani. Lisipotoka, kisima cha jirani. Wananunua maji ya chupa siku ya mashindano tu.

MTAFITI: Wanakunywa kila siku, mara mbili kwa siku, miaka kumi.

Kocha aliishika bilauri yake ya chai akaitazama kana kwamba imemtukana. Nina maoni yangu hapa, na kwa kuwa kalamu iko mkononi mwangu nitayasema: kwa kipande hiki tu, binti alistahili kura yangu. Dokta alikuwa sahihi kwamba mtu mmoja si ushahidi. Lakini maswali mengi ya sayansi ya mahali hutoka kwa mtu ambaye mwili wake umelipishwa bei ya mahali hapo, na mwanafunzi anayetoka maabara kwenda chumbani halipishwi kitu. Arusha jiji lilijengewa mradi mkubwa wa maji, wa shilingi bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na sababu mojawapo ya kwenda kuchimba visima mbali ilikuwa hiyo hiyo floraidi. Bomba kubwa hilo haliulizi nani anakunywa lita ngapi.

Tatizo ni kwamba hoja nzuri ina tabia ya kumlevya mwenyewe. Dokta alilijua hilo.

DOKTA: Vizuri. Jumatano, mlimani, ulichukua sampuli ngapi?

MTAFITI: Hakuna.

DOKTA: Hata moja?

MTAFITI: Hata chupa moja, Dokta. Sitakudanganya. Nilikwenda kupanda mlima.

Njia ya Meru huanzia lango la Momella, karibu mita 1,500. Hupanda na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Siku ya kwanza hulala Miriakamba, mita 2,514. Ya pili kibanda cha pale kwenye tandiko la mlima, 3,570. Usiku wa manane huanza kutembea ukingoni mwa shimo la volkano, giza kushoto na giza kulia, mpaka kilele cha mita 4,566, ambacho jina lake la Kiingereza lina maana ya Kilele cha Ujamaa. Jina limebaki huko juu hata baada ya ujamaa wenyewe kushuka. Ukifika mapema, jua huchomoza nyuma ya Kilimanjaro.

MTAFITI: Nilitaka kuliona hilo jua. Miaka mitatu nautazama mlima kupitia dirisha la maabara, nakunywa maji yake, napima maji yake, sijawahi kuukanyaga kileleni. Niliona haya. Na nikuulize kitu, Dokta, kwa heshima zote. Kila Juni wanakuja hapa wanafunzi wa uzamivu kutoka Ulaya na Marekani. Wanakaa miezi mitatu, wanakusanya data, wanakwenda Serengeti, wanakwenda Zanzibar, wanapanda Meru, wakipata nafasi na Kilimanjaro. Picha zao zinawekwa kwenye taarifa za miradi. Husemi wanapoteza wakati. Unasema, "Vijana hawa wako hai." Mie nikipanda, unakuja kuhesabu viatu ukutani.

Dokta hakujibu upesi. Alimenya ndizi iliyokuwa imeshamenywa.

DOKTA: Delft nilikuwa na baiskeli. Kila Jumapili nilikwenda nayo mpaka baharini, upepo wa usoni kwenda, upepo wa usoni kurudi. Upepo wa Uholanzi una roho mbaya. Msimamizi wangu alikuwa mwendesha baiskeli kuliko mimi. Hakuniuliza. Ni kweli, hakuniuliza hata siku moja.

MAMA: Sasa unamuuliza huyu nini?

DOKTA: Namuuliza kwa sababu wale wa Ulaya wakichelewa mwaka mmoja, kuna mtu anaongeza mwaka. Huyu akichelewa, hakuna. Ninajua ni nani anayelipa. Nimekaa kwenye vikao hivyo, Mama. Nimeona mwanafunzi anaambiwa fedha zimekwisha na yeye amebakiza sura moja. Mlima ni wa kila mtu, lakini kuchelewa si kwa kila mtu.

MTAFITI: Hilo nakubali. Na tena nusu ya posho yangu inavuka mpaka. Mdogo wangu yuko chuo Mombasa, ada yake ni mie. Lakini Dokta, hilo ni kosa la fedha. Usiliandike kwenye akaunti ya miguu yangu.

DOKTA: Ungeniambia tu kwamba unakwenda.

MTAFITI: Ungenikatalia.

DOKTA: Ningekukatalia. Ndiyo.

Wote wawili walicheka, na nikahisi kilichokuwa kimeoza kimetoka. Watu wawili walikuwa wamefichana siku tatu. Wiki tano za kuchelewa zilikuwa zinaweza kuzungumzwa.

Kuhusu safari nyingine hatukukaa sana. Mtafiti alisema huenda Mombasa mara mbili kwa mwaka, na katika kila mji anaolala njiani huamka akakimbia kabla ya basi. Taveta anaisifu, Voi anasema mbwa wengi. Kuhusu Ramadhani alisema hukimbia nusu saa kabla ya magharibi, polepole, ili adhana imkute getini, na kwamba Kocha amemkataza zaidi ya hapo. Kocha akakubali kwamba amemkataza. Kumbe anamfundisha! Hilo hakuna aliyekuwa amelitaja mwanzoni, na Dokta alimtazama kama hakimu aliyegundua shahidi ni shemeji wa mshtakiwa.

KOCHA: Namfundisha, ndiyo, na bado naunga mkono hoja. Mbona mnashangaa? Mimi nimewafundisha wengi ambao ningependa wangeacha. Lakini nitabadili kidogo. Aache marathoni. Asiache kukimbia. Nusu marathoni inamtosha. Kilomita arobaini na tano kwa wiki, siku nne, na alfajiri akimbie na vijana wangu, Mama alale. Hizo saa zinazobaki, Dokta, ni zako. Na chupa zake za kupimia aje nazo Ngaramtoni. Nataka kujua wanakunywa nini.

DOKTA: Hilo linahitaji barua, ridhaa za washiriki, kibali cha maadili...

KOCHA: Andika barua. Wewe ndiye unayejua kuandika.

Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Dokta alinyoosha kwa hoja kama ilivyosomwa. Mtafiti na Mama waliipinga. Kocha alisema anapigia kura marekebisho yake mwenyewe, nikamwambia utaratibu hauruhusu, akasema basi utaratibu ubaki na ndizi zake. Hoja ikaanguka, mbili kwa moja. Binafsi naona ilistahili kuanguka, ingawa hesabu ya Dokta kuhusu nani hulipia kuchelewa hakuna aliyeijibu jioni ile, wala mimi sina jibu lake. Vyuo vinavyopokea wageni na wafadhili wanaowaleta ndio wanaopaswa kujibu.

Mama alikusanya bilauri. Aliuliza kama mkaa wa mifupa unauzwa au unatengenezwa nyumbani, na unaweza kutosha pipa la lita mia mbili. Mtafiti akaenda naye jikoni, wakakaa huko muda mrefu. Mbio za Moshi, Kilimanjaro Marathon, huwa mwisho wa Februari. Dokta ameitaka sura ya tatu tarehe 15 ya mwezi huo huo.